Kaka na dada katika kiwanja kimoja: nani ana watu uzeeni?

Kisa hiki ni cha ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wanaoishi katika nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja. Kaka ana miaka 78, dada ana 74. Nimekishona kutokana na nyumba zaidi ya moja na kubadilisha mambo ya kutosha ili jirani yeyote asinyooshewe kidole, lakini wenzangu wanaotembelea wazee visiwani hawatakuta kigeni humu. Nimechagua ndugu badala ya mume na mke kwa makusudi. Hawa wamelelewa na watu walewale, wanakula chungu kimoja, mtaa wao mmoja, na kila mmoja anapokea pensheni jamii kiasi kilekile. Kwa hiyo ukiona mmoja ana watu na mwenzake hana, huwezi kuusingizia umaskini tu.

Pensheni hiyo yenyewe ina sehemu yake katika kisa. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliianzisha Aprili 2016 kwa fedha za bajeti yake, Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi Sh 50,000. Haiulizi kama uliwahi kuajiriwa. Hapo ndipo inapotofautiana na mfuko kama ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar ulioanza 1998, ambao ni wa aliyeajiriwa akachangia. Kwa mwanamke aliyemaliza umri wake kusuka ukili na kukaanga vitumbua, pensheni jamii inaweza kuwa fedha ya kwanza maishani inayomjia kwa jina lake, kila mwezi, bila kuomba. Jirani zetu wa Kenya nao, kupitia mpango wa Inua Jamii, walianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Mkono wa serikali, basi, umekuwa sawa kwa mwanamme na mwanamke. Kisa chetu kinaanzia pale fedha inapoishia.

Nyumba na watu wake

Nyumba ni ya marehemu baba yao na mirathi haijagawiwa hadi leo. Mbele ina baraza ya saruji inayotazama njia, kisha ukumbi, kisha vyumba vitatu. Nyuma uwani kuna jiko, choo, mdimu, na chumba cha mabati anacholala dada. Wakati tunaanza kwenda pale, kaka alikuwa akilala chumba cha katikati. Chumba cha mbele, chenye dirisha linalofungukia barazani, walikuwa wakikaa mwanawe mdogo, mkewe na watoto wao.

Kaka alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Mke wa kwanza waliachana watoto wakiwa wadogo, mama akarudi kwao Pemba na watoto wanne, na baba akabaki na ahadi za kupeleka matumizi ambazo, kwa maneno yake mwenyewe, "zilikuwa zinapungua." Mke wa pili alimzalia watatu, na amefariki. Wale wanne wa Pemba ni watu wazima sasa, nambari ya simu ya baba wanayo, na sikukuu hupita bila simu kulia. Jambo hili linawakuta wanaume wengi kuliko linavyosemwa. Talaka ikitoka, watoto hubaki upande wa mama kwa mapenzi hata pale wanapobaki upande wa baba kwa ukoo, na deni hilo mwanamme hulilipa akishafika sabini.

Dada aliolewa, akaachika, akaolewa tena, akafiwa. Thumni yake katika mali ya marehemu ilitosha cherehani. Akarudi kwao, yaani kwa kaka yake, akajengewa kile chumba cha uwani. Watoto wake ni watatu, binti mmoja yuko Muscat. Kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, maulidi, hitma. Mabinti wengi wa mtaa ule amewafunda yeye kabla hawajaolewa, na mpaka leo wanamwita somo.

Baraza ilivyomtupa

Mzee huyu alikuwa mtu wa baraza. Baada ya Alasiri hadi adhana ya Magharibi alikuwa kwenye kona yao ileile: kahawa chungu, dhumna, mpira, siasa za kimya na siasa za kelele. Ukimuuliza ana marafiki wangapi alikuwa akicheka. Alikuwa akiitwa kwenye posa, akikaa mstari wa mbele kwenye nikaha, na jina lake lilikuwa miongoni mwa washauri wa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa.

Kilichomtoa ni tezi dume. Mkojo uliziba, akapelekwa hospitali, akarudi na mpira na mfuko wa mkojo akisubiri upasuaji. Kuna mzee atakayesoma hapa akaelewa yote bila mimi kuendelea. Kwanza aliacha msikiti, kwa kuona kwamba hana udhu unaokaa, na kwamba tone moja likidondoka kwenye mkeka wa msikiti aibu hiyo itamhamisha mtaa. Kisha akaacha baraza, maana mfuko unaonekana chini ya kikoi na una harufu, au yeye alidhani una harufu. Kisha zikaacha kuja barua za posa, kwa sababu mtu asiyeonekana msikitini wala barazani watu humpelekea mwanawe mwaliko: "Mwambie mzee, kama ataweza."

Wenzake wa baraza walikuja. Hili lazima lisemwe, maana wanawake wa nyumba ile walizoea kuwalaumu kuwa ni marafiki wa kahawa. Wiki ya kwanza walikuja kwa makundi, na machungwa na pole. Tatizo lilikuwa njia. Kumfikia mgonjwa aliyelala chumba cha katikati lazima upite ukumbini, na ukumbini yuko mkamwana, kichwa wazi, ananyonyesha. Kila mgeni mwanamme anapiga hodi, anasubiri nje, mkamwana anakimbilia kanga, watoto wanaondolewa, ndipo mgeni anaingizwa kwa kuinamisha macho. Anakaa dakika chache kwenye ukingo wa kiti, anaona amesumbua, anaondoka. Hali hiyo ikijirudia mara chache, mtu mwenye haya anaanza kutuma salamu. Ndani ya miezi michache salamu zikabaki za muuza kahawa peke yake, ambaye kila akipita hugonga vikombe vyake chini ya dirisha na kuita jina la mzee.

Sasa linganisha na uwani. Mwanamke akija kumwona dada hapigi hodi ya kusubiri. Anaita tu huku ameshaingia, anavua buibui, anakaa jikoni, anachambua mchele unaochambuliwa. Dada akiugua, wageni wanaingia mpaka kitandani. Urafiki wa wanawake wa mtaa ule umejengwa ndani ya nyumba, kwa hiyo mwili unapogoma na mtu akafungika ndani, urafiki unamfuata alipo. Urafiki wa wanaume umejengwa njiani. Unadumu kwa muda miguu inapomfikisha mtu njiani.

Nalisisitiza hili kwa sababu maelezo yaliyozoeleka ni ya tabia: ati wanaume hawapendi kusema yaliyo moyoni, wanawake wanapenda kuongea. Kuna ukweli ndani yake, ila tabia huwezi kuibadilisha kwa mtu wa miaka 78. Mlango unaweza. Na waliojenga nyumba za zamani za miji ya Waswahili, Lamu na kwingineko, walilijua hilo: walikuwa na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na sebule ya kupokelea wageni wa kiume, mgeni asifike ndani kabisa. Nyumba zetu za vyumba vitatu na ukumbi mmoja zimeifuta sehemu hiyo, na aliyeumia ni mzee mwanamme mgonjwa.

Kuna jambo la pili kuhusu baraza, nalo ni kahawa yenyewe. Leo nanunua mimi, kesho wewe. Kabla ya kufikisha miaka 70 mzee huyu alikuwa na vipindi vya kujificha kwa sababu zamu yake ya kununua ilikuwa imefika na mfukoni hamna kitu. Anasema alikuwa akipita njia ya nyuma asionekane. Pensheni ilipomfikia, matumizi yake ya kwanza yalikuwa kuwanywesha wenzake. Mkamwana alilalamika kwamba fedha ya serikali inanunua kahawa badala ya sukari ya nyumba. Mimi nipo upande wa mzee. Fedha ile ilimrudishia haki ya kukaa bila kuona haya, na hakuna kitu kingine katika nyumba ile ambacho kingeweza kumrudishia.

Kufiwa pia hakukuwapiga sawa. Dada alipofiwa alikaa eda, miezi minne na siku kumi, na katika muda wote huo wanawake walikuwa wakija: kumsomea, kumpikia, kukaa tu. Siku ya kutoka eda aliogeshwa, akavishwa, watu wakala. Eda ina uzito wake kwa mwanamke, wapo wanaotoka humo wamepoteza kibanda cha biashara. Lakini inawapa watu sababu na ratiba ya kuja. Kaka alipofiwa, matanga yalikwisha siku ya tatu, siku ya nne alikuwa barazani na hakuna aliyemuuliza kitu. Wenzake walidhani wanamheshimu. Swali alilokuwa akiulizwa ni lini ataoa, na hilo ndilo suluhisho lililozoeleka kwa mwanamme: mke mwingine aje na watu wake. Wazee wanaume wengi wanaishi na mke hadi kufa kwao, wakati wanawake wengi wa umri huo ni wajane au walioachika. Huyu hakuoa. Alisema hana nguvu ya kuanza kufahamiana na mtu.

Tulivyopima

Tulikwenda wawili, mwanamke na mwanamme, ili mmoja akae uwani na mwingine chumbani. Tulianza na swali la moja kwa moja: je, unajisikia mpweke?

Kaka: "Upweke wa nini, mwanangu? Hii nyumba imejaa watu."

Dada: "Usiku, mwanangu. Mchana sina nafasi."

Ukiandika majibu hayo kwenye fomu, dada ndiye mpweke na kaka hana neno. Hilo ni kosa linalojulikana katika utafiti wa wazee: swali likiwa la wazi wanawake hukiri zaidi, na ukiuliza kwa kuzunguka, bila kulitaja neno lenyewe, wanaume huanza kuonekana. Ndiyo maana msomaji wa tarakimu za upweke aangalie kwanza swali liliulizwaje. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 likikadiria mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke. Tafiti zikikusanywa pamoja, wastani wa wanaume na wa wanawake hukaribiana sana. Wastani huo hauelezi kwamba kila upande umefika pale kwa njia yake.

Kwa hiyo tulitumia kipimo cha James Lubben wa Marekani, toleo fupi la maswali 6: matatu ya jamaa na matatu ya marafiki, majirani wakiwemo. Unaulizwa unaonana au kuzungumza na wangapi angalau mara moja kwa mwezi, wangapi unaweza kuwaambia mambo yako ya siri, na wangapi unaweza kuwaita wakusaidie. Kila jibu lina alama kuanzia 0, yaani hakuna mtu, hadi 5, yaani watu tisa au zaidi. Jumla ya juu ni 30. Aliye chini ya 12 anahesabiwa kuwa hatarini kutengwa.

Kaka alipata 8. Jamaa wa kuonana nao: 3, yaani watu watatu au wanne. Jamaa wa kuwaambia siri: 1, naye ni dada yake. Jamaa wa kuita: 2. Marafiki wa kuonana nao: 1, muuza kahawa. Marafiki wa siri: 0. Rafiki wa kuita: 1, muuza kahawa huyohuyo. Dada alipata 22.

Tulimwomba kaka ajibu tena akikumbuka mwaka mmoja kabla ya ugonjwa. Ilitoka 14, na hapo pana kitu cha kutazama. Marafiki wa kuonana nao walikuwa alama kamili, 5. Marafiki wa siri: 0, palepale. Mtu aliyekaa na wanaume wenzake kila jioni kwa miaka na miaka hakuwa na hata mmoja wa kumwambia kwamba anakojoa kwa shida, ingawa kwa umri wa baraza ile nusu yao huenda walikuwa na shida hiyohiyo. Alikuwa juu ya mstari wa hatari kwa alama mbili tu, na hizo zilitoka kwenye miguu yake. Aliyemtazama zamani angesema ndiye mwenye watu wengi kuliko wote katika nyumba ile.

Alama 22 zinatoka wapi

Kama tungeishia hapo, ripoti ingeandikwa: mzee mwanamme ametengwa, mzee mwanamke yuko salama. Ndivyo faili nyingi zinavyofungwa.

Tuliongeza swali ambalo halimo katika kipimo. Tulimwambia dada ataje wote aliowataja tena, safari hii aseme mara ya mwisho mtu huyo alikuja kutaka nini. Alianza kutaja huku akichambua mchele. Huyu alikuja kumwachia mtoto. Huyu alikuja kuuliza viungo vya pilau ya watu mia. Huyu alikuja kufundiwa bintiye. Mkamwana alitaka amshikie mtoto aende sokoni. Mjukuu alitaka hela ya daftari. Binti wa Muscat alituma ujumbe wa sauti mrefu kuhusu mwajiri wake, na mama akajibu kwa mwingine mrefu wa kumtuliza. Alipofika kwa kaka yake akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo ndiye kazi yangu ya siku hizi."

Anampikia chakula laini, anafua shuka zinazolowa, anampelekea maji ya udhu, anakumbuka saa za dawa. Mfuko hagusi kwa sababu ya heshima. Anauangalia umejaa kiasi gani kisha anamwita mtoto wa kaka, ambaye mara nyingi hayupo. Ile alama moja ya siri ya kaka ni yeye. Moja ya zile mbili za msaada ni yeye. Ukimwondoa dada, alama za mzee zinashuka zaidi na hakuna atakayezishika.

Watu wa dada, kwa sehemu kubwa, ni watu wanaomhitaji. Sisemi hawampendi. Nasema uhusiano umepita kwenye mikono yake, na mikono hiyo inachoka: magoti yamevimba, jicho la kulia lina mtoto wa jicho. Alipoacha kupika shughuli kwa sababu hawezi tena kuchuchumaa, aliendelea kualikwa kwa heshima kwa muda, akawekewa kiti. Mwaliko wa kiti haufiki mara nyingi kama mwaliko wa mwiko. Bado kushuka kwake hakujaonekana kwenye alama. Kwa kaka kulionekana siku moja, mpira ulipowekwa. Kwa dada kutakwenda polepole, goti kwa goti, na fomu itakuwa ya mwisho kujua.

Halafu kuna mambo ambayo dada hakuwahi kuwa ndani yake hata akiwa na nguvu. Kikao cha familia kuhusu kuezeka paa kilifanyika kando ya kitanda cha kaka, mzee akiwa na homa, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba. Dada alileta chai. Jina la kaka lilibaki miongoni mwa washauri wa sheha muda mrefu baada ya kuacha kuhudhuria. Hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke anayejua kila mtoto wa mtaa anakula nini na nani amelala njaa angefaa kukaa pale. Kwenye makundi ya wazee niliyowahi kuyaona, viti wanajaza wanawake, na aliyeshika maikrofoni ni mwanamme. Kwa maongezi dada ana watu, kwa maamuzi hana.

Na nyumba. Baba aliacha watoto hawa wawili tu, kwa hiyo kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu kaka ana theluthi mbili na dada theluthi moja. Haijaandikwa popote. Kaka akifariki, dada harithi kitu kwake, maana kaka ana watoto wa kiume nao wanamzuia. Theluthi mbili za kaka zitakwenda kwa watoto saba, wakiwemo wanne wa Pemba ambao baba yao hawamdai simu lakini urithi watautaka, na ni haki yao. Mahakama ya Kadhi itamlindia dada theluthi yake, sina shaka. Shaka yangu ni kama theluthi ya nyumba ile, ikiuzwa, inanunua chumba mahali popote karibu na wale wanawake wanaoingia bila hodi. Mwanamke huyu anaweza kuhamishwa na mirathi iliyogawiwa kwa haki kabisa, na alama zake 22 zikabaki mtaani.

Kilichofanyika

Jaribio la kwanza halikuwa letu. Kikundi cha wazee cha mtaa kilimwalika mzee kwenye mkutano wake: somo la shinikizo la damu, kaswida, sambusa. Alikataa kwa adabu. Nilipoona picha nikamwelewa, wote walikuwa wanawake isipokuwa msoma dua.

Lililofanya kazi ni mlango. Mwanawe alikubali, baada ya maneno mengi na baada ya shangazi yake kumkalisha chini, kuhamia chumba cha katikati na familia yake. Mzee akawekwa chumba cha mbele, na dirisha la barazani likabomolewa likawa mlango. Gharama ilikuwa ya fundi mmoja na mbao, sehemu kubwa ikatoka Muscat. Sasa mtu anatoka njiani, anapanda baraza, anaingia kwa mzee bila kumwona mwanamke yeyote wala kumkimbiza. Bao la dhumna likahamia ndani siku ambazo hawezi kutoka. Wala hakuna aliyemwomba azungumze moyo wake. Australia wana karakana za wanaume wazee, zilizoanza miaka ya 1990, ambamo watu hutengeneza viti huku wakikaa ubavu kwa ubavu, na maneno yakitoka yanatoka yenyewe. Mchezo wa dhumna unafanya kazi hiyohiyo na hauhitaji randa.

Imamu pia alikuja, naye alitatua kwa nusu saa jambo lililomweka mzee ndani kwa miezi. Alimweleza hukumu ya mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo: ajisafishe, ajifunge, atawadhe wakati wa sala ukishaingia, asali bila kuchelewa, na afanye hivyo kwa kila faradhi. Mzee alikuwa akiijua hukumu hiyo tangu madrasa. Alihitaji kuisikia ikisemwa juu yake. Imamu akamwachia na daftari la michango ya maziko ya mtaa, kwa sababu mwandiko wake wa bandarini bado ni mzuri. Tangu hapo wanaume wana sababu ya kwenda kwake: kulipa, kuuliza nani hajalipa, kubishana. Mmoja wao, siku moja akiangalia daftari, aliuliza kwa sauti ndogo ule mpira ulikuwa ukiuma kiasi gani, maana na yeye daktari amemwambia.

Tulipopima tena alikuwa na 13. Amepita mstari, kwa shida. Wanne wa Pemba hawajapiga.

Kwa dada mafanikio ni machache, na sababu naijua: hakuna anayeharakia kumwokoa mtu mwenye alama 22. Tulipendekeza mambo matatu. Kazi ya kufua na kuangalia mfuko ichukuliwe na watoto wa kaka kwa zamu. Imekuwa, ila zamu zinarukwa, na binti wa Muscat sasa anamlipa msichana wa jirani afue. Jicho lipelekwe kupimwa; ameahirisha mara kadhaa, kila mara kuna mtoto wa kushikwa. La tatu, theluthi yake iandikwe mzee akiwa hai, pamoja na makubaliano kwamba chumba cha uwani ni chake maisha yake yote, nyumba iuzwe isiuzwe. Hapo tuligonga mwamba. Watoto wa kaka walisema kuzungumzia mirathi ni kumharakishia baba kifo. Dada mwenyewe alituambia tuliache.

Aliyelifungua tena ni kaka, na sidhani angelifungua akiwa bado kwenye chumba cha katikati. Wanaume wa daftari la maziko huzungumza mirathi kila siku, ndiyo kazi ya daftari lile kuwakumbusha. Amesema ataita wawili kati yao wawe mashahidi, pamoja na imamu, waandike baada ya Ramadhani. Wanawe hawawezi kumwambia baba yao kwamba anajiharakishia kifo mwenyewe.

Dada ameridhia kwa sharti moja: siku ya kuandika akae chumbani pamoja nao, pazia lisiwepo, asomewe kila mstari kwa sababu jicho haliwezi. Imamu hana kipingamizi. Mtoto mkubwa wa kaka bado hajajibu, na kwake yeye ndiko tunakokwenda kwanza kabla ya mwezi kuandama.